Kadi moja inalia, nyingine inakataa: historia ya mashine za muziki za mfukoni

Familia inayokimbia vita haibebi mengi. Inabeba sufuria, bidoni ya maji, godoro likiwezekana, na mtoto mgongoni. Lakini ndani ya kitambaa kilichofungwa pamoja na kadi ya uchaguzi na pesa kidogo, mara nyingi kunakuwa pia na kadi memori ndogo kama ukucha. Ndani yake kuna nyimbo za kwaya ya kijiji, sherehe ya harusi, na pengine sauti ya mzee aliyefariki akiwaaga watoto wake.

Familia ikifika kambini au kwa ndugu, kadi ile inachomekwa katika redio ndogo iliyonunuliwa sokoni. Nyimbo za kwaya zinalia vizuri. Sauti ya mzee haitoki. Redio inaruka faili ile kana kwamba haipo. Hapo wengi wanasema kadi imekufa. Wengine wanaitupa, wengine wanampa kijana wa kuweka nyimbo aifute yote na kujaza nyimbo mpya.

Mara nyingi kadi ile ni nzima, na sauti ya mzee bado imo. Kinachokosekana ni makubaliano kati ya faili na mashine. Makubaliano hayo yana historia ya zaidi ya miaka 30. Yalianzia Ujerumani, yakapitia Korea ya Kusini, Japani, Singapuri na Marekani, na madini yanayochimbwa huku mashariki mwa Kongo nayo yamo katika hadithi hiyo. Anayeijua historia hiyo hatupi kadi upesi.

Enzi ya ukanda

Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitoa kaseti mwaka wa 1963. Tarehe 1 Julai 1979, kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza Walkman, mashine iliyomwezesha mtu kutembea na muziki wake masikioni. Kaseti haikuwa na siri yoyote. Iliyorekodiwa Kinshasa ililia Bukavu, iliyorekodiwa Bukavu ililia Nairobi. Ukanda ukikwama, mtu alichukua kalamu ya Bic akauzungusha mpaka ukarudi mahali pake. Mashine zote za kaseti zilisoma ukanda mmoja, na hakuna mtu aliyeulizwa kaseti yake ni ya programu gani.

Ubaya wake ulikuwa katika kunakili. Kila nakala ilikuwa dhaifu kuliko ile iliyotangulia. Nakala ya tano ilisikika kama mtu anayeimba nyuma ya mvua.

Mwaka wa 1982 diski za CD zikaingia sokoni. CD huandika sauti kwa tarakimu: kila sekunde moja sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia. Sauti ni safi, lakini mzigo wake ni mkubwa. Dakika moja ya CD inakula karibu megabaiti 10. Wimbo wa rumba wa dakika 8, pamoja na sebene yake, unachukua megabaiti 85 hivi. Katika miaka ya 1990, kompyuta nyingi hazikuwa na nafasi ya kuhifadhi nyimbo za namna hiyo, na kifaa cha mfukoni ndiyo kabisa.

Wajerumani na sauti isiyosikika

Jibu lilitoka katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Huko, katika chuo kikuu na katika taasisi ya Fraunhofer, mtafiti Karlheinz Brandenburg na wenzake walikuwa wakishughulikia swali hili tangu miaka ya 1980: ni sehemu gani ya muziki ambayo sikio la mtu halisikii?

Kila anayeenda kanisani analijua jambo hilo bila kulisoma. Ngoma kubwa ikipigwa, kwa nukta hiyo sauti ndogo ya kayamba haisikiki, ingawa kayamba bado inatikiswa. Sokoni, jenereta ikiwaka, mnong'ono wa jirani unapotea. Sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo. Watafiti wale walitengeneza hesabu ya kutafuta sauti zilizofunikwa na kuziandika kwa uzito mdogo zaidi, au kuzitupa kabisa.

Ili kujua kama wamefaulu, walirudia kusikiliza wimbo uitwao Tom's Diner wa mwanamuziki wa Marekani Suzanne Vega. Wimbo huo unaimbwa bila chombo chochote, na sauti ya mtu iliyo peke yake ndiyo ngumu zaidi kubana. Kosa dogo linasikika mara moja, kwa sababu hakuna ngoma ya kulificha.

Kazi yao iliingia katika kanuni za kimataifa zilizokamilishwa mwaka wa 1992 na kuchapishwa mwaka wa 1993. Tarehe 14 Julai 1995 waliamua kwamba faili hizo zitaitwa kwa herufi ambazo leo hata mtoto wa shule anazijua: MP3. Kwa kipimo cha kilobiti 128 kwa sekunde, wimbo ulipungua mara 11. Ule wa megabaiti 85 ukawa wa megabaiti chini ya 8.

Jambo moja likumbukwe hapa, kwa sababu litarudi mwishoni. Kilichotupwa na MP3 hakirudi. Mtu akiichukua faili ya kilobiti 128 na kuigeuza kuwa ya 320, faili inanenepa tu. Sauti iliyotupwa haiongezeki.

Mashine ya nyimbo nne

Mwaka wa 1997 kijana wa Marekani, Justin Frankel, alitoa programu ya Winamp, na kusikiliza MP3 kwenye kompyuta kukawa jambo rahisi. Lakini kompyuta haiingii mfukoni. Mwaka wa 1998 kampuni ya Saehan ya Korea ya Kusini ilitoa MPMan F10, na mwaka huo huo kampuni ya Marekani ya Diamond ikatoa Rio PMP300. Rio ilitumia betri moja ndogo kama zile za tochi, iliuzwa karibu dola 200, na ilikuwa na nafasi ya megabaiti 32.

Kwa nyimbo za Marekani za dakika tatu au nne, hizo zilikuwa nyimbo nane au kumi. Kwa rumba ya Kongo ya dakika 8, zilikuwa nyimbo nne tu. Mtu angelipa dola 200 kusikiliza nusu saa ya muziki, wakati kaseti moja ya bei ndogo ilibeba saa nzima.

Hata hivyo wenye makampuni ya muziki waliogopa. Mwezi wa Oktoba 1998 chama chao cha Marekani kiliipeleka Diamond mahakamani kikitaka Rio izuiwe. Mwaka wa 1999 mahakama ya rufaa iliamua kwamba mashine hiyo ni halali: mtu anahamisha tu muziki alio nao tayari kutoka mahali hadi mahali. Bila hukumu hiyo, huenda biashara yote ya mashine hizi ingechelewa.

Mwaka huo huo wa 1999 programu ya Napster iliwawezesha watu kupeana nyimbo kupitia intaneti bila malipo. Mahakama ziliibana, na ikafungwa mwaka wa 2001. Lakini mamilioni ya faili za MP3 zilikuwa zimekwisha kusambaa duniani. MP3 ilikuwa imeshinda kabla wenye muziki hawajaamua kama wanaitaka.

Ili kubeba nyimbo nyingi, watengenezaji wengine waliweka diski ngumu ndani ya mashine. Kampuni ya Creative ya Singapuri ilitoa Nomad Jukebox mwaka wa 2000 ikiwa na gigabaiti 6. Nyimbo ziliongezeka, lakini mashine ilikuwa kubwa kama ya kuchezea CD na ilikula betri nne.

iPod na kamba ya kompyuta

Tarehe 23 Oktoba 2001 kampuni ya Apple ilionyesha iPod: gigabaiti 5, nyimbo 1,000 kwa hesabu ya Apple, bei ya dola 399. Ndani yake kulikuwa na diski ngumu ndogo ya Toshiba. Haikuwa mashine ya kwanza, na wakati ule ilifanya kazi na kompyuta za Apple peke yake. Iliyowashinda wengine ni namna ilivyoungana na programu ya iTunes. Mtu alichomeka waya, programu ikapanga nyimbo kwa majina ya wanamuziki na albamu, kazi ikaisha.

Katika miezi hiyo hiyo Goma ilikuwa na habari nyingine. Tarehe 17 Januari 2002, miezi mitatu kasoro baada ya iPod kutangazwa, volkeno ya Nyiragongo ililipuka, na mto wa moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Watu walikimbia na walichoweza kushika mkononi. Redio ndogo ya betri ndiyo iliyokuwa mashine ya mfukoni ya huku. Tarehe 25 Februari mwaka huo Radio Okapi ilianza kutangaza, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake.

Ukilinganisha mashine hizo mbili, unaona tofauti kubwa. Redio ilihitaji betri na mawimbi tu. iPod ilihitaji kompyuta, na tena kompyuta moja maalum. Ilipangwa kufuata maktaba ya kompyuta ya mwenyewe. Ikichomekwa kwenye kompyuta nyingine ili kupokea nyimbo, programu iliuliza kama ifute yote yaliyomo na kuanza upya. Nyimbo zenyewe zilifichwa ndani kwa majina ya herufi nne zisizo na maana, ili mtu asizinakili kwa urahisi kumpa jirani. Aliyepoteza kompyuta yake, kwa wizi au kwa kukimbia, alibaki na mashine iliyojaa muziki ambao hawezi kuuongezea bila hatari ya kuupoteza.

Tarehe 28 Aprili 2003 Apple ilifungua duka la nyimbo kwenye intaneti, wimbo mmoja kwa senti 99 za dola. Nyimbo hizo hazikuwa MP3. Zilikuwa za muundo uitwao AAC, mpya kuliko MP3 na wenye sauti nzuri zaidi kwa ukubwa ule ule. Lakini juu yake Apple iliweka kufuli. Wimbo ulionunuliwa ulifunguka kwenye kompyuta chache zilizosajiliwa na kwenye iPod. Mashine za makampuni mengine hazikuweza kuusoma.

Kufuli zilizopoteza ufunguo

Apple haikuwa peke yake. Sony, iliyoipa dunia Walkman, ilikuwa na muundo wake, ATRAC, na programu yake, SonicStage. Mwaka wa 2004 ilitoa Walkman ya diski ngumu ambayo haikusoma MP3 moja kwa moja: kila wimbo ulipaswa kugeuzwa kwanza kuwa ATRAC. Mnunuzi mwenye nyimbo mia tano za MP3 alingoja kompyuta izigeuze moja moja, na kila kugeuza kulipunguza sauti kidogo. Sony ilirekebisha jambo hilo katika mashine zilizofuata, lakini wanunuzi wengi walikuwa wamekwenda kwa Apple. Mwaka wa 2007 ilitangaza kufunga duka lake la nyimbo.

Microsoft nayo ilikuwa na muundo wa WMA tangu mwaka wa 1999. Mwaka wa 2004 ilianzisha alama ya kuwahakikishia wanunuzi kwamba wimbo wenye kufuli yake utalia katika kila mashine yenye alama ile. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Novemba 2006, Microsoft yenyewe ilitoa mashine iitwayo Zune. Zune haikuweza kufungua nyimbo za alama ile. Walioamini alama waliachwa njiani na aliyewapa.

Mwaka wa 2008 Microsoft ilitangaza kwamba itazima kompyuta zilizotoa funguo za nyimbo za duka lake la zamani. Baada ya malalamiko, iliongeza muda hadi mwisho wa mwaka wa 2011. Maana yake ni hii: mtu alikuwa amelipa, wimbo ulikuwa kwenye mashine yake, lakini ruhusa ya kuusikiliza ilikaa nyumbani kwa mwingine. Ikizimwa taa ya huko, muziki wa huku hauwezi kufunguliwa kwenye kompyuta mpya.

Mwaka wa 2009 Apple iliondoa kufuli kwenye nyimbo za duka lake. Soko lilikuwa limeonyesha wazi kwamba watu wanataka kitu kinacholia popote. MP3, muundo wa zamani, bado ilikuwa inalia popote.

Walioacha mlango wazi

Pembeni mwa ugomvi huo kulikuwa na watu wachache waliofanya kazi kwa njia nyingine. Mwezi wa Septemba 1998 Fraunhofer ilitangaza kwamba itadai malipo kwa wanaotengeneza programu za MP3. Kwa sababu hiyo Chris Montgomery na wenzake walitengeneza Ogg Vorbis, muundo usiodai malipo, ambao toleo lake kamili lilitoka mwaka wa 2002. Josh Coalson alitoa FLAC mwaka wa 2001. Hiyo haitupi chochote: hupunguza faili ya CD hadi karibu nusu, na ikifunguliwa, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Makampuni ya Korea kama iRiver na Cowon yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuingiza miundo hiyo katika mashine za mfukoni.

Mwishoni mwa mwaka wa 2001 wataalam wachache wa Uswidi, ambao hawakuridhika na programu iliyokuwa ndani ya mashine zao za Archos, waliandika programu yao wenyewe, Rockbox. Baadaye ilienea kwenye mashine za iRiver, za SanDisk, na hata iPod za zamani. Mashine iliyokuwa ikisoma miundo miwili au mitatu ikaanza kusoma mingi. Rockbox pia iliweza kutamka majina ya orodha kwa sauti, na watu wasioona wakaweza kutumia mashine bila msaada wa mtu. Kampuni kubwa zenye fedha nyingi zilichelewa katika jambo hilo.

Udongo wa Masisi

Ndani ya vifaa vya elektroniki kuna vipande vidogo vinavyotunza umeme kwa muda mfupi sana na kuuachia kwa utulivu. Vilivyo bora kwa vifaa vidogo hutengenezwa kwa tantalumu, na tantalumu hupatikana katika koltani. Watu wa Rubaya, katika eneo la Masisi, hawahitaji kuelezwa koltani ni nini.

Mwaka wa 2000 simu na vifaa vya mfukoni viliongezeka kwa kasi duniani, na bei ya tantalumu ikapanda ghafula kabla ya kuanguka mwaka wa 2001. Huku Kivu, katikati ya vita, watu waliacha mashamba wakaenda mashimoni, na wenye silaha walitoza kodi njiani. Mwezi wa Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria inayotaka makampuni yaliyoandikishwa katika masoko yake ya hisa yaeleze kama tantalumu, bati, tungsteni na dhahabu wanayotumia imetoka Kongo au nchi jirani. Mwezi wa Septemba mwaka huo serikali ya Kongo ilisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011, na wachimbaji wengi wakakosa kazi.

Hakuna anayeweza kuishika mashine moja na kusema kipande hiki kimetoka shimo lile. Lakini biashara iliyoleta mashine za nyimbo 1,000 mfukoni ni sehemu ya biashara iliyopandisha bei ile. Muziki mwepesi una uzito wake, na sehemu ya uzito huo imebebwa huku.

Mashine za bei ndogo na neno MP4

Mashine zilizofika kwa wingi katika masoko yetu hazikuwa za Apple wala za Sony. Zilitoka Uchina, nyingi bila jina, zikitumia kibongo cha bei ndogo cha kusoma MP3. Kisha zikaja nyingine zenye kioo, zilizoandikwa MP4, na watu wengi wakaamini kwamba MP4 ni toleo jipya la MP3, kama vile darasa la nne linavyofuata la tatu.

Sivyo. MP3 ni namna ya kuandika sauti. MP4 ni kama sanduku ambalo ndani yake mnaweza kuwekwa picha na sauti za aina mbalimbali. Tena mashine nyingi za bei ndogo zilizoandikwa MP4 hazikusoma sanduku hilo. Zilisoma video za muundo wao wa pekee, AMV, na mtu alihitaji programu iliyokuja kwenye diski ndogo ndani ya boksi ili kugeuza video zake. Diski ikipotea, video haziingii.

Kilichobadilisha maisha ya huku zaidi ni kadi. Kampuni ya SanDisk ilitoa kadi ndogo ya TransFlash mwaka wa 2004, na mwaka wa 2005 ikakubaliwa na makampuni mengi kwa jina la microSD. Hapo muziki ulitengana na mashine. Kadi moja iliingia katika simu, katika redio ya FM yenye tundu la kadi, katika spika ya saluni na ya teksi. Kijana mwenye kompyuta kando ya barabara akawa duka la nyimbo: unampa kadi, unachagua, unalipa, unaondoka. Hakuna iTunes, hakuna kusajili. Kwa namna fulani, kaseti ilikuwa imerudi.

Apple iliacha kutengeneza iPod ya mwisho mwaka wa 2022. Redio ndogo yenye tundu la kadi bado inauzwa.

Kwa nini sauti ya mzee haitoki

Sasa turudi kwenye kadi ile ya mwanzo. Redio hizo za bei ndogo kwa kawaida husoma MP3 na WAV, na baadhi husoma WMA. Ndiyo sababu nyimbo za kwaya zinalia. Lakini sauti ya mzee haikurekodiwa na mashine ya muziki. Ilirekodiwa na simu.

Simu nyingi za zamani zilirekodi kwa muundo wa AMR, uliotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu na kukubaliwa na makampuni ya simu mwaka wa 1999. AMR hutunza sauti ya kusema tu. Dakika moja inachukua kilobaiti 90 hivi, mara 10 chini ya MP3 ya kawaida. Kwa simu yenye nafasi ndogo hilo lilikuwa jambo jema. Kwa redio ya sokoni, ni lugha ngeni. Simu za kisasa hurekodi mara nyingi kwa AAC, na jina la faili huishia na m4a. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp huhifadhiwa kwa muundo wa Opus, uliokamilishwa mwaka wa 2012. Opus haina malipo, na ni miongoni mwa miundo bora kwa sauti ya mtu pale ambapo mtandao ni dhaifu. Hata hivyo redio nyingi ndogo haziijui.

Kwa hiyo faili iko, ila msomaji hana. Simu au kompyuta inaweza kuisoma, na kuigeuza kuwa MP3 ni kazi ya dakika chache. Programu ya VLC, isiyo na malipo, inaifanya kazi hiyo kwenye kompyuta. Tangu Aprili 2017, Fraunhofer ilipomaliza mpango wake wa kutoza malipo, MP3 yenyewe imekuwa huru.

Mambo matano ya kushika

Kwanza, redio ikikataa faili, usikubali kadi ifutwe. Ijaribu kwanza katika simu na katika kompyuta.

Pili, faili ya asili isifutwe hata baada ya kuigeuza. Kila kugeuza hutupa kitu, kama fotokopi ya fotokopi. Tunza ile ya kwanza, na nakala ya MP3 iwe ya kusikilizia. Kwa sauti ya mtu anayesema, kilobiti 64 kwa sekunde zinatosha.

Tatu, tazama ukubwa wa kadi. Kadi zinazozidi gigabaiti 32 huja zimepangwa kwa mtindo uitwao exFAT, na redio nyingi ndogo husoma FAT32 tu. Redio ikiikataa kadi yote nzima, mara nyingi sababu ni hiyo. Lakini kubadilisha mtindo huo hufuta kila kitu, basi nakala itoke kwanza.

Nne, redio nyingi za namna hii hupiga nyimbo kwa mpangilio zilivyonakiliwa, bila kujali majina. Anayetaka mafundisho au hadithi zifuatane, azinakili moja baada ya nyingine kwa zamu yake.

Tano, kadi moja ni sawa na hakuna. Kadi hupotea, huvunjika, na zikikaa miaka mingi bila kutumiwa zinaweza kupoteza zilichobeba. Familia iliyotawanyika inaweza kulifanya hilo kuwa faida: nakala moja kwa aliye Bukavu, moja kwa aliye Uvira, moja kwa aliye kambi ya ng'ambo ya mpaka. Kadi ya mmoja ikipotea, ya mwingine inabaki.

Katika miaka hiyo yote, makampuni yalishindana kwa ukubwa wa nafasi, uzuri wa kioo na uimara wa kufuli. Mashine nyingi walizouza zimekwisha kuzimika. Zilizodumu ni faili ambazo hazikumngoja mtu fulani azifungue. Mzee aliyesema maneno machache mbele ya simu ya mjukuu wake hakujua muundo wala kilobiti. Maneno yake yanaweza bado kuwa kwenye kadi ile, ndani ya kitambaa, yakisubiri mashine inayojua kuyasoma.